Kusoma Fizikia Katika Chuo cha Jamii: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayelenga Shahada ya Kwanza California

Chuo cha jamii ni taasisi ya umma ya elimu ya juu nchini Marekani inayofundisha miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya kwanza, pamoja na kozi za ufundi na za watu wazima, na ambayo humpokea karibu kila mhitimu wa sekondari bila kumtaka ashindanie nafasi. Chuo kikongwe zaidi cha umma cha aina hii ambacho bado kipo ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901, lakini jimbo lililoukuza mfumo huu kuliko mengine ni California, ambako Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960 uliwagawia kazi wahusika watatu: University of California, ambayo watu huiita UC, ilipewa utafiti na shahada za juu, California State University, au CSU, ilipewa shahada za kwanza na za uzamili, na vyuo vya jamii, ambavyo leo ni 116, vikapewa jukumu la kuufungua mlango kwa kila mtu na kuwavusha wanaotaka kuendelea. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa California. Anayeishi jimbo jingine atakuta majina na ada tofauti, ingawa mantiki ya somo lenyewe haibadiliki.

Mantiki hiyo ndiyo jambo la kwanza kushikwa. Mwanafunzi wa historia au sosholojia anaweza kusoma kozi zake kwa mpangilio wowote na bado akamaliza kwa wakati, ilhali fizikia imejengwa juu ya hisabati, kozi juu ya kozi, kiasi kwamba anayekosa kozi moja katika muhula mmoja anaweza kujikuta amechelewa mwaka mzima. Wengi wanaokwama katika njia hii hawakwami kwa upungufu wa akili wala kwa ugumu wa sheria za Newton. Hukwama kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema kwamba ratiba yao ilipaswa kupangwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Kabla ya ratiba, ipo shaka moja inayostahili kuondolewa, nayo ni dhana kwamba fizikia ya chuo cha jamii ni ya daraja la pili. Maudhui ya kozi za mwaka wa kwanza na wa pili ni yaleyale yanayofundishwa vyuo vikuu, na mara nyingi kutoka vitabu vilevile. Katika chuo kikuu kikubwa cha utafiti, kozi ya mekanika, yaani tawi la fizikia linaloeleza mwendo wa vitu na kani zinazousababisha, huweza kuwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, na kazi za maabara husimamiwa na wanafunzi wa uzamili. Katika chuo cha jamii darasa ni dogo, mwalimu aliyeajiriwa kufundisha ndiye anayesimamia maabara, na ndiye anayesahihisha mitihani. Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha angani cha Marekani mwaka 1999, alianzia Corning Community College jimboni New York, alikopata shahada ya miaka miwili ya hisabati na sayansi mwaka 1976. Kinachokosekana katika vyuo hivi ni kozi za mwaka wa tatu na wa nne, pamoja na maabara za utafiti, na pengo hilo lina namna yake ya kuzibwa, kama itakavyoelezwa.

Mnyororo wa masomo na jinsi ya kuupanga

Vyuo vingi hutoa fizikia ya aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la gharama kubwa. Aina ya kwanza hutumia aljebra na trigonometria pekee, na imekusudiwa wanaoelekea katika udaktari, ufamasia na baiolojia. Ya pili hutumia kalkulasi, yaani tawi la hisabati linalochunguza jinsi kiasi kimoja kinavyobadilika kwa kulinganishwa na kingine na jinsi mabadiliko madogo madogo yanavyojumlishwa, nayo imekusudiwa wanafizikia, wahandisi na wanakemia. Anayelenga shahada ya fizikia anahitaji aina ya pili tu, na akisoma ya kwanza kwa kudhani ni ngazi ya kupandia, kwa kawaida atalazimika kurudia kila kitu. Kwa kuwa majina ya kozi hizi hufanana na namba zake hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, jambo la kusoma kwa makini katika orodha ya kozi ni masharti yake: kozi inayodai kalkulasi kama somo tangulizi, yaani somo ambalo mwanafunzi hana budi kulifaulu kwa alama C au zaidi kabla ya kuruhusiwa kuendelea, ndiyo anayoitaka.

Mfululizo wa aina hiyo ya pili kwa kawaida huchukua mihula mitatu: mekanika kwanza, kisha umeme na sumaku, kisha mawimbi, joto, mwanga na fizikia ya karne ya ishirini, ambamo nadharia ya uhusianifu na ya kwanta huonjwa kwa mara ya kwanza. Kandokando yake husimama mfululizo wa hisabati wenye kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu aljebra mstari, inayoshughulikia mifumo ya milinganyo na vekta, na milinganyo tofautishi, ambayo huelezea kitu kupitia kasi ya kubadilika kwake. Mekanika hudai kalkulasi ya kwanza iwe imekwisha kufauliwa. Umeme na sumaku mara nyingi hudai ya pili. Kwa hiyo anayeanza na kalkulasi ya kwanza katika muhula wa vuli husoma mekanika pamoja na kalkulasi ya pili muhula wa machipuko, umeme pamoja na kalkulasi ya tatu vuli inayofuata, na kozi ya mwisho ya fizikia pamoja na hisabati iliyobaki katika muhula wa nne. Mihula minne imejaa, na hakuna nafasi hata moja ya kupumulia.

Hapo ndipo hatari ilipo. Anayeanza na hisabati ya maandalizi ya kalkulasi amekwisha kuisogeza safari hadi miaka mitatu, na katika chuo kidogo kinachotoa kila kozi ya fizikia mara moja tu kwa mwaka, kuiacha mekanika muhula mmoja ni kuisubiri hadi mwaka unaofuata. Mwanafunzi aangalie ratiba za miaka miwili iliyopita, aone kila kozi ilitolewa muhula gani, kisha aandike mpango wake kuanzia kozi ya mwisho kurudi ya kwanza. Inaporuhusiwa, kalkulasi isomwe katika mihula ya kiangazi, au kozi moja ichukuliwe katika chuo jirani. Kozi za elimu ya jumla, kama vile historia na uandishi, zinaweza kusubiri, hisabati haisubiri.

Kuhusu mahali pa kuanzia, sheria za California za mwaka 2017 na 2022 zimepunguza sana desturi ya kuwarundika wanafunzi katika hisabati ya kurudia, na sasa vyuo huzingatia zaidi rekodi ya sekondari kuliko mtihani wa kuingilia. Jambo hili lina uzito kwa waliosoma Afrika Mashariki na Kongo. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati amekwisha kukutana na kalkulasi kwa kina, na Mkenya mwenye cheti cha kidato cha nne amegusa misingi yake. Lakini wote wawili wakifika mikono mitupu, bila vyeti wala hati za matokeo, hakuna atakayelijua hilo, na wanaweza kuelekezwa katika kozi ambazo walizipita miaka mingi iliyotangulia. Vyeti vya nje hupelekwa kwa shirika linalotathmini elimu ya kigeni, ambalo huvilinganisha na mfumo wa Marekani, na vilivyoandikwa kwa Kifaransa huhitaji tafsiri iliyothibitishwa. Hata hivyo, ni busara kwa mhitimu wa kidato cha sita kutoiruka mekanika yenyewe hata pale anaporuhusiwa, kwa kuwa maabara na namna ya kuandika suluhisho vitadaiwa katika kila kozi inayofuata.

Kuchagua mwisho wa safari

Kupanga kwa kurudi nyuma hudai kwanza ujulikane mwisho. California ina hifadhidata rasmi ya mtandaoni iitwayo ASSIST, ambayo huonyesha, kwa kila chuo cha jamii na kila kampasi ya UC na CSU, ni kozi gani inayokubaliwa badala ya ipi; makubaliano hayo huitwa mikataba ya ulinganifu wa masomo. Mwanafunzi achague kampasi tatu au nne, afungue mkataba wa fizikia wa kila moja, na aorodheshe kozi zote zinazodaiwa na angalau mojawapo. Atagundua kwamba kampasi hazifanani: moja hudai uandishi wa programu za kompyuta, nyingine kemia, nyingine zote mbili. Mshauri wa masomo wa chuo ni msaada wa lazima, lakini huwahudumia wanafunzi wa fani nyingi, na ni mkataba wenyewe, si kumbukumbu ya mtu yeyote, unaopaswa kuaminiwa.

Zipo njia mbili zenye dhamana. Sheria ya mwaka 2010 iliunda shahada ya miaka miwili ya uhamisho, yenye yuniti 60, ambayo humhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa CSU akiingia mwaka wa tatu, ingawa si lazima iwe katika kampasi aliyoipenda. Yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi. Kiini cha shahada hiyo kwa upande wa fizikia ni kozi tatu za fizikia na tatu za kalkulasi, na anayeishia hapo anaweza kufika chuo kikuu akiwa hana aljebra mstari wala milinganyo tofautishi, jambo litakalomchelewesha mwaka wa tatu. Kwa upande wa UC, kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, huwa na makubaliano ya kumhakikishia nafasi anayetimiza masharti yaliyowekwa. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo.

Ada na saa

Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo yuniti 60 humgharimu dola 2,760 za ada ya masomo, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada hiyo yote. Asiyehesabiwa kuwa mkazi hulipa mara kadhaa zaidi, na ndiyo sababu aliyefika karibuni anashauriwa kutunza ushahidi wa tarehe aliyoanza kuishi jimboni na kuiuliza ofisi ya udahili kuhusu nafuu za kisheria zilizopo kwa wakimbizi. Vitabu navyo si lazima vilipiwe: Rice University huchapisha bure, kupitia mradi wake wa OpenStax, kitabu cha fizikia ya vyuo vikuu chenye juzuu tatu kinachoshughulikia mada za mfululizo ulioelezwa hapo juu, ingawa si kwa mpangilio uleule.

Gharama iliyo ngumu zaidi ni ya muda. Kanuni za jimbo huihesabu yuniti moja kuwa angalau saa 48 za kazi ya mwanafunzi kwa muhula, darasani na nje ya darasa. Kozi ya fizikia ya yuniti 4 basi ni saa 192, yaani saa 12 kila juma kwa majuma 16, na mzigo kamili wa yuniti 15 ni saa 45 kwa juma. Anayefanya zamu za saa 40 katika ghala au katika nyumba ya kutunzia wazee, huku akituma fedha nyumbani, hawezi kuubeba mzigo huo, na kumwambia ajitahidi zaidi si ushauri bali ni ukatili. Achukue kozi moja ya hisabati na moja ya fizikia kwa muhula, akubali miaka mitatu au minne, na azilinde alama zake, kwa kuwa kozi moja haiwezi kurudiwa bila kikomo: kwa kawaida jimbo huruhusu kuijaribu mara tatu, na kuacha katikati baada ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila kumbukumbu huhesabiwa kuwa mojawapo ya mara hizo.

Namna ya kujifunza

Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha mtihani mfupi wa dhana za kani, usio na hesabu yoyote, ambao ulionyesha kwamba mwanafunzi anaweza kukokotoa majibu sahihi huku imani zake kuhusu mwendo zikiwa zilezile alizokuja nazo. Chukuliwe lori kubwa linalogongana uso kwa uso na gari dogo. Watu wengi, pamoja na waliofaulu mekanika, hujibu kwamba lori hulisukuma gari kwa kani kubwa zaidi. Sheria ya tatu ya Newton husema kani hizo mbili ni sawa kabisa. Kinachotofautiana ni mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa mwendo, ambacho ni kikubwa kwa gari dogo kwa sababu tungamo lake, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, ni dogo. Mwanafunzi asiyelishangaa jibu hili pengine hajalielewa bado.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya mitihani ya aina hiyo kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Katika kozi za mihadhara ya kawaida, wanafunzi kwa wastani walipata asilimia 23 tu ya maendeleo ambayo yangewezekana. Katika zile ambamo walilazimishwa kujadiliana, kutabiri na kusahihishwa papo hapo, wastani ulikuwa asilimia 48. Funzo lake kwa anayejisomea ni la moja kwa moja: kumsikiliza mwalimu akitatua swali, au kutazama video ya mtu akilitatua, ni aina dhaifu ya kujifunza. Kikundi cha watu watatu au wanne wanaobishana mbele ya ubao, kila mmoja akilazimika kutetea mshale aliouchora, kina thamani kubwa kuliko saa nyingi za kusoma kimya, na hakuna ubaya wowote ubishi huo ukiendeshwa kwa Kiswahili, mradi jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza kitakachodaiwa na mtihani.

Kwa kila swali la mekanika, kazi ianze kwa mchoro wa kani, yaani mchoro wa kitu kimoja kilichotengwa na vingine vyote, ukiwa na mshale kwa kila kani inayokigusa au kukivuta na si zaidi. Namba ziingizwe mwishoni kabisa, baada ya jibu kupatikana kwa herufi, kwa kuwa jibu la herufi linaweza kuhojiwa. Kwa mfano, kitu kinachoteleza bila msuguano kwenye mteremko kina mchapuko sawa na ule wa mvutano wa dunia ukizidishwa kwa sini ya pembe ya mteremko. Pembe ikiwa sifuri, mchapuko huwa sifuri, kama inavyotarajiwa mahali tambarare. Pembe ikiwa nyuzi 90, mchapuko huwa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, sawa na kitu kinachoanguka huru. Aliyekosea akaandika kosini badala ya sini atalikamata kosa lake hapohapo, bila kuhitaji ukurasa wa majibu.

Maabara hudharauliwa na wanafunzi wengi, nayo ndiyo mahali ambapo fizikia huacha kuwa hesabu za kitabuni. Kinachofundishwa humo hasa ni kukadiria shaka ya kipimo, yaani upana wa eneo ambamo thamani ya kweli inaweza kuwamo. Timazi yenye uzi wa mita moja huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, na kidole cha binadamu kwenye saa hukosea kiasi cha sehemu 2 za kumi za sekunde. Mwanafunzi akipima mzunguko mmoja, shaka yake ni asilimia 10, na kwa kuwa mvutano wa dunia hukokotolewa kwa kutumia kipeo cha pili cha muda huo, shaka ya jibu hufika asilimia 20. Akipima mizunguko 20 kwa mkupuo na kugawanya, kosa lilelile la kidole hugawanyika katika sekunde 40, na jibu lake huwa na shaka ya takriban asilimia 1. Hakununua kifaa kipya, alifikiri tu. Mwanafunzi anayeandika hoja kama hiyo katika ripoti yake tayari anafanya kazi ya mwanafizikia.

Kuziba pengo na kuhama

Kwa kuwa chuo cha jamii hakina utafiti, utafutwe nje. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa na programu ya mafunzo kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii, ambayo huwapeleka kwa majuma 10 ya kiangazi, kwa posho, katika maabara za taifa. Lawrence Berkeley na Lawrence Livermore, zote mbili, ziko California. Programu hiyo hudai uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo asiye na sifa hiyo amwombe mwalimu wake mradi mdogo, au ajenge ujuzi wa lugha ya programu ya Python, ambayo karibu kila kikundi cha utafiti huihitaji. Vyuo vingi pia vina kituo cha MESA, programu iliyoanzia Oakland mwaka 1970 kuwasaidia wanafunzi wa hisabati, uhandisi na sayansi kutoka jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha, ambako hupatikana ushauri, chumba cha kusomea na, jambo lisilo dogo, wenzao wanaosoma kozi zilezile.

Maombi ya UC kwa muhula wa vuli hupokelewa Oktoba na Novemba za mwaka uliotangulia. Maana yake ni kwamba anayehama baada ya miaka miwili hupimwa hasa kwa alama za mwaka wake wa kwanza, wakati ambapo wengi bado wanazoea mazingira. Hakuna muhula wa majaribio. Kozi alizokwisha kuziahidi kwenye fomu za maombi hazina budi kukamilishwa kwa alama zinazodaiwa, na badiliko lolote, hata kufutwa kwa kozi na chuo chenyewe, litolewe taarifa kwa maandishi mara moja.

Baada ya kukubaliwa, mwanafunzi aangalie kalenda ya kampasi yake mpya. Kampasi nyingi za UC, isipokuwa Berkeley na Merced katika ngazi ya shahada ya kwanza, hugawa mwaka kwa vipindi vya majuma 10 ya masomo badala ya mihula, na mtihani wa kwanza huweza kufanyika juma la tatu au la nne, wakati ambapo katika chuo cha jamii kozi ingekuwa ndiyo kwanza inashika kasi. Kozi za mwaka wa tatu, yaani mekanika ya juu, nadharia ya umeme na sumaku, na mekanika ya kwanta, hutumia kalkulasi ya vekta na aljebra mstari tangu siku ya kwanza bila kuzifundisha upya. Kiangazi kilicho kati ya vyuo viwili basi kitumiwe kuzirudia kozi hizo mbili za hisabati kwa kutatua maswali, katika kipindi cha kwanza zichukuliwe kozi mbili tu za fizikia badala ya tatu, na saa za ofisi za maprofesa zitembelewe kuanzia juma la kwanza, kabla ya mtihani wowote kusahihishwa.